Kupiga Kopi: Wimbo Unaorudiwa na Jina la Mtunzi katika Mwambao wa Ziwa Victoria



Katika Kiswahili cha wanamuziki wa Tanzania upo msemo mmoja unaostahili kuangaliwa kwa makini kuliko unavyodhaniwa, nao ni kupiga kopi. Bendi inapoimba wimbo uliotungwa na kurekodiwa na wengine, husemwa kuwa inapiga kopi. Kitenzi piga kimebeba hapa mizigo miwili kwa wakati mmoja: ni piga ya ala, kama katika kupiga gitaa na kupiga ngoma, na ni piga ya kutoa mfano wa kitu, kama katika kupiga picha na kupiga chapa. Nomino kopi nayo, iliyotoholewa kutoka Kiingereza, imekwisha kutulia katika ngeli ya I/ZI bila matata yoyote. Ila imekuja na harufu yake. Kuiita bendi fulani "bendi ya kopi" ni kuidunisha, ni kusema kwamba haina mtunzi. Hata hivyo watu wale wale wanaoitoa dharau hiyo mchana, usiku huonekana wakiinuka vitini kwenda kumtunza mwimbaji noti kwa sababu amewapigia kopi ya wimbo wanaoupenda, na wameridhika kabisa.

Jambo hili hushuhudiwa katika kila mji wenye ukumbi wa muziki, na Mwanza haina upekee katika hilo. Nyimbo zinazoombwa zinafahamika: za Franco na Tabu Ley kutoka Kongo, za Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajabu, na Sina Makosa ya Les Wanyika. Redio zimezipa nyimbo za aina hii jina la zilipendwa, neno ambalo mwanasarufi halipiti hivi hivi. Ni kitenzi kamili, chenye kiambishi cha nafsi, cha wakati uliopita na cha kutendwa, ambacho kimegeuzwa nomino bila kuongezwa chochote. Mtenda ameachwa nje. Zilipendwa na nani, na zilitungwa na nani, neno halisemi. Katika neno hilo moja tatizo zima linalojadiliwa hapa limekwisha kudokezwa: wimbo unaendelea kupendwa, na jina la aliyeutunga linazidi kufifia.

Kwa sababu hiyo suala la kopi halimalizwi kwa kuuliza kama ni halali au si halali kuimba wimbo wa mwingine. Swali lenye uzito zaidi ni kwamba wimbo unapohama kutoka kinywa kimoja kwenda kingine, na hasa unapohama kutoka lugha moja kwenda nyingine, nini hubaki njiani, na jina la nani hufika mwisho wa safari. Mwambao wa Ziwa Victoria ni mahali pazuri pa kuliulizia swali hilo, kwa kuwa lugha nyingi zimekaa pamoja katika eneo dogo. Mwanza imezungukwa na Kisukuma, ambacho Guthrie alikiweka katika kundi F. Ukivuka maji unakutana na Kikerewe, Kizinza, Kijita na Kihaya, lugha za kundi E ambalo wanaisimu wa baadaye wameligeuza kuwa J. Kaskazini zaidi, kuanzia Musoma kwenda Shirati na Kisumu, kuna Kijaluo, ambacho si lugha ya Kibantu hata kidogo. Kiswahili kinapita katikati ya lugha hizo zote kama meli inayokwenda bandari hadi bandari.

Ni kosa kudhani kwamba desturi ya kuimba upya ililetwa na sahani za santuri. Wahaya wa Bukoba na viunga vyake walikuwa na utendi unaoimbwa kwa nanga, ala ya nyuzi yenye mwili wa mti uliochongwa mfano wa hori. Mugyabuso Mulokozi, aliyeufanyia utafiti utanzu huo kwa kina na kuuandikia tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameonyesha jinsi mafanani wa nanga wanavyozichukua habari zinazojulikana na watu wote, kama za Rukiza, za Kachwenyanja au za Mugasha, mungu wa ziwa na dhoruba, na kuzitenda kila mmoja kwa namna yake mbele ya hadhira yake. Hapo hakuna wimbo wa kwanza na kopi yake. Kila utendaji ni wimbo kamili. Albert Lord, katika kitabu chake cha 1960 kuhusu waimbaji wa tendi wa nchi za Balkan, alieleza jambo la aina hiyo hiyo: fanani huweza kuapa kwamba ameimba wimbo ule ule neno kwa neno, ilhali amri yake juu ya maneno ilikuwa kubwa kiasi cha kuutunga upya papo hapo bila yeye mwenyewe kuona tofauti.

Pwani nako hali haikuwa mbali na hiyo. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, alizijaza jukwaani nyimbo za Siti binti Saad, na hakuna aliyemwita mpiga kopi. Mohamed Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alisifika kwa kuyatia mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya filamu za Kihindi. Wapo waliomlaumu kwa kuuacha mziki wa kwao, lakini walioyajua maneno yake kwa moyo walikuwa wengi kuliko wao.

Kilichobadilisha mambo ni sahani. Miaka ya 1930 mfululizo wa GV ulileta Afrika nyimbo za Kuba, na ya kwanza katika mfululizo huo ilikuwa El Manisero ya Don Azpiazu. Wanamuziki wa Kongo na wa Afrika Mashariki walizisikiliza, wakazipiga, kisha wakatia maneno yao. Sahani ilikuwa na kitu ambacho nanga haikuwa nacho: karatasi ya duara katikati, na juu yake jina. Tangu hapo wimbo ulikuwa na mwenyewe, awe ni yule aliyeutunga au yule tu aliyewahi kufika studio. Kwa bendi za mikoani kufika studio hakukuwa jambo dogo. Kwa miaka mingi mlango mkuu wa kurekodi ulikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam, na bendi ya Kanda ya Ziwa ililazimika kusafiri nchi nzima kwa treni au kwa basi ili sauti yake ihifadhiwe katika utepe. Bendi ambayo haikusafiri iliacha nyimbo zake ukumbini.

Upande wa Wajaluo wa ziwani gitaa lenyewe lilikuwa kopi. Benga, muziki uliomfanya D. O. Misiani, mzaliwa wa Shirati katika Mkoa wa Mara, aitwe mfalme wake, unatambulika kwa gitaa linalokimbia na kujibizana na sauti ya mwimbaji kama nyatiti ilivyokuwa ikifanya. Misiani alivuka mpaka, akajenga jina lake Kenya na bendi yake ya Shirati Jazz, hadi alipofariki katika ajali ya barabarani karibu na Kisumu mwaka 2006. Eneo alikozaliwa lilibaki katika jina la bendi iliyosikika zaidi nje ya nchi yake kuliko ndani, nalo ni fumbo dogo la mipaka ya ziwa hili.

Lakini mfano ulio mwingi wa mafunzo kuliko yote ni wa karibu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 sauti ya Saida Karoli, mwimbaji na mpiga ngoma kutoka Bukoba, ilivuma Tanzania nzima na kuvuka hadi Uganda na Kenya. Aliimba kwa Kihaya, akichanganya Kiswahili hapa na pale. Wimbo wake Maria Salome ulipigwa harusini, kwenye mabasi na sokoni, na sehemu kubwa ya walioucheza hawakujua Kihaya. Msukuma wa Mwanza hakifahamu Kihaya kwa kuwa tu ni jirani. Umbali wa lugha hizo mbili ni mkubwa kuliko upana wa maji yanayozitenganisha. Watu waliukariri wimbo kwa silabi, kama walivyozikariri nyimbo za Kilingala kwa vizazi viwili kabla yao. Inafaa jambo hili lisibezwe. Kukariri silabi za lugha usiyoijua ni aina ya heshima kwa sauti, ingawa si heshima kwa maana.

Katika bahari hiyo ya Kihaya kulikuwa na kisiwa kimoja cha Kiswahili, nacho ndicho wasikilizaji walichokishikilia hadi kikawa jina la pili la wimbo: Chambua Kama Karanga. Kitenzi chambua kina historia pana katika Kanda ya Ziwa. Pamba huchambuliwa, yaani hutenganishwa na mbegu zake, na viwanda vya kuchambua pamba ndivyo vilivyokuwa uti wa mgongo wa uchumi wa Usukuma tangu zama za vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 chini ya Shirikisho la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake. Mboga huchambuliwa jikoni. Karanga humenywa kwanza, kisha huchambuliwa ili mbovu zitengwe. Na ni kitenzi hicho hicho kilichowapa wahakiki wa fasihi jina la kazi yao: mchambuzi, uchambuzi. Huenda watu wa chuo wakatabasamu wakikumbuka kwamba istilahi yao na kiitikio cha harusini vimetoka katika ungo mmoja.

Mwezi Septemba 2016 Diamond Platnumz, akishirikiana na Rayvanny, alitoa wimbo alioupa jina la Salome. Mmoja ni kijana wa Tandale, Dar es Salaam, mwenzake ametokea Mbeya. Hakuna aliyelelewa katika Kihaya. Mahadhi ni ya Saida na hakuna aliyeficha hilo. Waliosikia wimbo kwa mara ya kwanza na waliokuwa na umri wa kutosha walitambua asili yake kabla ubeti haujafika mwisho. Mamilioni ya watu waliutazama kwenye intaneti katika muda mfupi, na kwa kijana aliyezaliwa karibu na mwaka 2000 huo ndio uliokuwa wimbo, na ule wa Bukoba ukawa ndio wa pili kuujua.

Mtu akiziweka matini mbili hizo sambamba ataona kwamba kopi haikuchukua kila kitu kwa uwiano. Imechukua mahadhi. Imechukua jina, ikalifupisha kwa kuiacha nje ile sehemu ya kwanza, Maria, na jina lenye uvumba wa kanisa likawa jina la msichana wa mjini. Imechukua msemo wa karanga. Kilichoachwa kwa sehemu kubwa ni Kihaya chenyewe. Kwa maneno mengine, Kiswahili kilichukua kile kilichokuwa tayari ni chake, na kukiacha kile ambacho kingehitaji kutafsiriwa. Sauti nayo imegeuka jinsia. Wimbo uliokuwa kinywani mwa mwanamke umekuwa wimbo wa wanaume wawili wanaomsifu mwanamke kwa umbo na kwa mchezo wake. Yule aliyekuwa akisema sasa anasemwa.

Haitoshi kulaani hapa. Kama kopi ni muziki, Salome ni kopi nzuri: imepangwa kwa ustadi, na ngoma zake hazikuyatupa mapigo ya asili. Na imefanya jambo moja ambalo kopi nyingi hazifanyi, yaani imewarudisha watu kwa mwimbaji wa kwanza. Jina la Saida Karoli, lililokuwa limeanza kuhamia kwenye rafu ya zilipendwa, lilirudi magazetini na redioni. Mwaka uliofuata, 2017, alitoa wimbo mpya na kuupa jina la Kihaya, Orugambo. Mwanaisimu ataliona hapo kiambishi oru- cha ngeli ya 11, jamaa ya u- ya Kiswahili, kikiwa kimetanguliwa na irabu ambayo Kiswahili hakina tena. Na mzizi wake ni ule wa kusema. Orugambo ni maneno ya watu, yale yanayozungumzwa nyuma ya mtu. Baada ya mwaka mzima wa watu kuzungumza juu ya wimbo wake, uchaguzi wa jina hilo hauonekani kuwa wa bahati nasibu.

Wanamuziki wale wale wawili walirudi Kanda ya Ziwa kwa njia nyingine mwaka 2018, katika wimbo uitwao Mwanza. Safari hii kilichochukuliwa hakikuwa mahadhi bali jina la mahali, Nyegezi, kata ya jiji hilo, likachezewa kwa sababu ya mlio wake na neno la Kiswahili lisilotajwa mbele ya wazee. Baraza la Sanaa la Taifa liliupiga wimbo huo marufuku mwezi Novemba, na ulipoimbwa jukwaani jijini Mwanza mwezi uliofuata, waimbaji wakafungiwa kufanya maonyesho. Mjadala wa wakati ule ulihusu maadili. Kwa mtazamo wa lugha jambo ni lile lile la Salome kwa sura nyingine: neno la ziwani linathaminiwa kwa sauti yake, na maana yake ya kwao haiulizwi.

Inafaa kuulinganisha mfano huu na kopi mashuhuri kuliko zote za wimbo wa Kiswahili. Malaika ilirekodiwa na Fadhili William wa Kenya miaka ya 1960, ikaimbwa na Miriam Makeba, na Boney M, na Angélique Kidjo, na wengine wasiohesabika. Hadi Fadhili alipofariki mwaka 2001 ubishi juu ya mtunzi ulikuwa haujakwisha. Adam Salim, Mtanzania, alidai kuutunga miaka ya 1940 alipokuwa akiishi Nairobi. Lakini kwa mwanafunzi wa sarufi kuna jambo jingine la kupendeza. Msemaji katika wimbo ule ni mwanamume asiye na mahari, na kitenzi anachokitumia ni oa. Katika Kiswahili sanifu mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Makeba na Kidjo walikiacha kitenzi kama kilivyo, hivyo mwanamke akasimama jukwaani akisema maneno ya mume mtarajiwa. Wapo walimu wa Kiswahili watakaoliita hilo kosa. Hoja yao ina msingi wa kisarufi, ila inasahau kwamba mwimbaji anayeyashika maneno bila kuyageuza amemwachia mtunzi nafasi yake. Wanawake hao walivaa sauti ya mwanamume na kuibeba kwa uaminifu. Salome ilifanya kinyume: iliivua sauti ya mwanamke na kuvaa nyingine.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA, inaweza kusaidia katika baadhi ya mambo haya. Inamtambua mtunzi, inataka ruhusa yake itafutwe kazi inapotafsiriwa au kugeuzwa, na ina sehemu inayohusu sanaa za jadi. Kwa mwimbaji asiye na wakili wala meneja mwaminifu, ruhusa na malipo ndiyo mambo ya kwanza, na haifai msomi akayapita kwa haraka kana kwamba njaa ni nadharia. Lakini sheria inauliza ni nani mwenye wimbo. Haina kifungu kinachouliza wimbo ni wa lugha gani. Fomu ikijazwa jina la Saida Karoli kwa usahihi kabisa, Kihaya cha wimbo wake bado kitakuwa hakijatajwa.

Hapo ndipo wataalamu wa Kiswahili wanapohusika. Mwimbaji amekwisha kulipwa au kudhulumiwa. Mwanasheria atashughulika na hilo. Kazi ya kuyaandika maneno ya Kihaya ya nyimbo hizo, kuyafasiri kwa Kiswahili mstari kwa mstari, na kuyaweka mahali ambapo kijana wa Mwanza au wa Tanga atayasoma na kuelewa alichokuwa akikikariri, ni kazi ya idara za lugha. Kazi za namna hiyo zimekwisha kufanywa kwa ngoma za Wasukuma na kwa nanga. Nyimbo zilizouzwa kwa kaseti, kwa kuwa zilipendwa na wengi mno, zimedhaniwa hazihitaji.

Ziwa hili lina mfano wa mtu aliyejipigia kopi mwenyewe. Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe alimaliza mwaka 1945 riwaya yake ndefu juu ya Myombekere na Bugonoka, akiwa ameiandika kwa Kikerewe, kwa hofu kwamba lugha na desturi za kwao zingesahaulika. Hakupata mchapishaji wa Kikerewe. Baada ya miaka mingi aliketi tena, akiwa mzee, akaihamishia yote katika Kiswahili kwa mkono wake, ili ipate kusomwa. Tanzania Publishing House ilikitoa kitabu hicho mwaka 1980. Gabriel Ruhumbika, Mkerewe mwenzake, aliitoa tafsiri ya Kiingereza mwaka 2002, akirejea matini ya Kikerewe. Kopi ya Kiswahili ndiyo iliyomfikisha Kitereza kwa wasomaji, na ndani yake majina ya samaki, ya mitego, ya dawa na ya salamu za Kikerewe yamebaki kama yalivyo. Kitereza alifariki mwaka 1981, nakala za kitabu zikiwa bado hazijamfikia Ukerewe.